Mafuta ya karafuu

Mafuta ya karafuu ni mafuta yenye harufu kali yanayotolewa kwenye sehemu mbalimbali za mkarafuu (*Syzygium aromaticum*), hasa matumba ya maua, makonyo na majani. Hutumika katika tiba ya meno, vipodozi, sabuni, manukato, vyakula na viwanda vya dawa. Nchini Tanzania mafuta hayo huhusishwa zaidi na visiwa vya Zanzibar, yaani Unguja na Pemba, ambavyo kwa muda mrefu katika karne ya 19 na ya 20 viliongoza duniani kwa zao la karafuu.

Mafuta ya karafuu ni tofauti na mafuta ya kupikia kama yale ya nazi au ya alizeti. Huvukizika, hubeba karibu harufu yote ya mmea, na tone moja lina nguvu kuliko karafuu kadhaa zinazotiwa katika chai au pilau. Hata hivyo, sokoni jina hilohilo hutumika kwa vitu viwili: mafuta halisi yaliyotolewa kwa mvuke, na mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu. Kuvichanganya vitu hivyo viwili kunaweza kuleta madhara, hasa kwa watoto.

## Mmea na sehemu zinazotumika

Mkarafuu ni mti wa familia ya Myrtaceae, pamoja na mpera na mkalitusi. Mzambarau ni ndugu yake wa karibu zaidi, kwa kuwa nao umo katika jenasi ya *Syzygium*. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia. Jina "karafuu" limetokana na neno la Kiarabu "qaranful".

Mti huanza kuzaa ukiwa na umri wa miaka 6 hadi 8 hivi, na ukitunzwa huendelea kuzaa kwa miongo mingi. Kiungo kinachojulikana kama karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Wachumaji hupanda mtini na kukata vishada vizima. Baadaye karafuu huchambuliwa, yaani hutenganishwa na makonyo kwa mkono, kisha huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa mpaka zigeuke kuwa za kahawia na kukauka kabisa.

Mafuta hupatikana katika sehemu tatu za mti, kwa viwango tofauti:

* matumba makavu: karibu asilimia 15 hadi 20 ya uzito;
* makonyo: karibu asilimia 5 hadi 7;
* majani: karibu asilimia 2 hadi 3.

Ingawa matumba ndiyo yenye mafuta mengi zaidi, yana bei kubwa yakiuzwa yenyewe kama kiungo. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mafuta ya biashara hutolewa kwenye makonyo na majani. Makonyo ni mabaki ya kazi ya kuchambua, hivyo mkulima akiyauza kiwandani hupata fedha kwa kitu ambacho vinginevyo angekitupa au kukichoma. Tani moja ya makonyo inaweza kutoa kilo 50 au zaidi za mafuta.

## Kemia

Kiambata kikuu cha mafuta ya karafuu ni eugenoli, yenye fomula C₁₀H₁₂O₂. Ni kimiminika kisicho na rangi au chenye rangi ya manjano hafifu, kinachochemka kwenye nyuzijoto 254 za Selsiasi hivi. Katika mafuta ya matumba, eugenoli huwa kati ya asilimia 70 na 90. Viambata vingine ni asetati ya eugenoli, ambayo huyapa mafuta ya matumba harufu laini zaidi, na beta-kariofileni, ambayo hupatikana pia katika pilipili manga. Mafuta ya makonyo yana eugenoli nyingi zaidi, mara nyingi zaidi ya asilimia 90, lakini asetati yake ni kidogo. Ndiyo maana harufu yake huwa kali na isiyo na utamu wa karafuu yenyewe.

Eugenoli haipatikani katika karafuu peke yake. Imo pia katika majani ya mdalasini na katika baadhi ya aina za mrehani.

Sifa mbili za eugenoli zina umuhimu kwa anayeitumia. Ya kwanza ni kwamba ni fenoli, kwa hiyo humenyuka pamoja na magadi makali, huwasha ngozi na utando wa mdomo, na huweza kuua vijidudu. Ya pili ni kwamba ni nzito kuliko maji: mililita moja ya mafuta ya karafuu ina uzito wa gramu 1.04 hadi 1.07. Mafuta mengi ya mimea huelea juu ya maji, lakini haya huzama.

## Namna ya kuyatoa

### Kukeneka kwa mvuke

Njia ya kawaida zaidi ni kukeneka kwa mvuke. Makonyo, majani au matumba hujazwa katika pipa kubwa la chuma, na mvuke wa maji hupitishwa kutoka chini. Joto hupasua vifuko vidogo vya mafuta vilivyomo ndani ya mmea. Eugenoli peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254, lakini ikiwa pamoja na maji, kanieneo za mvuke wa vitu hivyo viwili hujumlishwa, na mchanganyiko huanza kuchemka chini kidogo ya nyuzijoto 100. Hivyo mafuta hutoka bila kuungua.

Mvuke huo hupitishwa katika bomba lililozungukwa na maji baridi, hurudi kuwa kimiminika na kuingia katika chombo cha kutenganishia. Hapo mafuta ya karafuu hutuama chini na maji hubaki juu. Maji hayo bado huwa na eugenoli kidogo, kwa hiyo viwanda vingi huyarudisha katika mtambo ili mafuta yasipotee. Kazi huchukua saa nyingi kwa kila shehena, na gharama kubwa ni kuni au nishati nyingine ya kuchemshia maji.

### Kuloweka

Njia ya nyumbani ni kuloweka karafuu nzima au zilizosagwa katika mafuta ya nazi kwa siku au wiki kadhaa, au kuzipasha moto mdogo katika mafuta hayo. Kinachopatikana ni mafuta ya nazi yenye kiasi kidogo cha eugenoli. Ni laini kwa ngozi kuliko mafuta yaliyokenekwa na hayana nguvu ileile.

### Viyeyushi

Viwanda vya vyakula na manukato hutumia pia alkoholi na viyeyushi vingine, ambavyo hutoa pamoja na mafuta vitu vizito kama utomvu. Njia nyingine ni kutumia kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipashwa joto zaidi ya nyuzijoto 31 chini ya kanieneo inayozidi ile ya hewa ya kawaida mara 73 hivi, huwa na uwezo wa kuyeyusha mafuta. Kanieneo ikipunguzwa, gesi hutoka na kuacha mafuta safi yasiyo na mabaki ya kiyeyushi. Mitambo yake ni ghali.

## Historia ya karafuu Zanzibar

Kwa karne nyingi Maluku ilikuwa chanzo pekee cha karafuu duniani, na Waholanzi walijaribu kuilinda hali hiyo kwa nguvu. Mnamo 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kupelekwa kwa miche ya mikarafuu katika kisiwa cha Mauritius. Kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, mmea huo ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa kawaida Mwarabu Saleh bin Haramil al-Abry hutajwa kuwa ndiye aliyeuleta, na mashamba ya kwanza huhusishwa na Mtoni na Kizimbani.

Sultani Said bin Sultan alihimiza sana upandaji wa mikarafuu, na katika miongo iliyofuata ardhi yenye rutuba ya magharibi na kaskazini ya Unguja ilijaa mashamba. Kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897 tu.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuathirika sana, na tangu wakati huo imebaki kuwa kisiwa kinachotoa karafuu nyingi zaidi. Mji Mkongwe wa Unguja, hata hivyo, uliendelea kuwa kituo cha biashara: karafuu za Pemba zililetwa bandarini hapo ili kuuzwa India, Ulaya na kwingineko. Katikati ya karne ya 20 mashamba yalikumbwa pia na ugonjwa ulioitwa "kifo cha ghafla", ambao watafiti waliuhusisha na kuvu *Valsa eugeniae*.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, na familia nyingi ziligawiwa eka tatu tatu. Biashara ya karafuu iliwekwa chini ya serikali, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) likawa mnunuzi pekee. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu zinazoitwa *kretek*, iliongeza kilimo chake yenyewe na baadaye ikawa mzalishaji mkuu duniani. Bei ilishuka, na Zanzibar ikapoteza nafasi yake ya kwanza.

## Uzalishaji wa mafuta Zanzibar

Kiwanda kikuu cha mafuta ya karafuu visiwani kipo Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, na kinamilikiwa na ZSTC. Watu hukiita kiwanda cha makonyo, kwa sababu makonyo ndiyo mali ghafi yake kubwa. Mbali na mafuta ya makonyo na ya majani ya mkarafuu, kiwanda hicho hukeneka pia mimea mingine kama mchaichai na mkalitusi.

Unguja haina kiwanda cha ukubwa huo, lakini ina nafasi nyingine katika mnyororo wa zao hili. Kizimbani kuna kituo cha utafiti wa kilimo na chuo cha kilimo. Mashamba ya viungo ya Kizimbani, Kidichi na Dole hutembelewa kila siku na watalii, ambao mwisho wa safari huuziwa vichupa vya mafuta, sabuni na manukato. Katika Mji Mkongwe na soko la Darajani mafuta hayo huuzwa na wauza viungo, wauza dawa za asili na maduka ya zawadi. Vikundi vya wanawake katika vijiji vya pwani, kwa mfano Paje na Kidoti, hutengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi na kuitia harufu ya karafuu, mchaichai au mdalasini.

Duniani, Indonesia huongoza kwa wingi wa karafuu na mafuta yake, na Madagaska ni muuzaji mkubwa wa karafuu na wa mafuta ya majani.

## Matumizi katika urembo

### Mapokeo ya Unguja

Karafuu ni sehemu ya mapambo ya Waswahili tangu ilipoenea visiwani. Bibi harusi huandaliwa na somo wake kwa kusingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa singo. Mapishi ya singo hutofautiana nyumba kwa nyumba, lakini mara nyingi huwa na liwa, asumini, langilangi, mrehani, mawaridi na karafuu iliyosagwa, vyote vikilainishwa kwa marashi au mafuta. Liwa husagwa kwa kusuguliwa juu ya jiwe liitwalo msio. Baada ya kusingwa, mwili na nguo hufukizwa udi kwa chetezo.

Katika mapishi hayo karafuu hutumika ikiwa nzima au unga, na huchanganywa na vitu vingi visivyo na ukali. Kiasi cha eugenoli kinachofika kwenye ngozi ni kidogo. Mtu anayebadilisha unga kwa mafuta yaliyokenekwa hana budi kukumbuka kwamba kijiko cha mafuta hayo hakilingani na kijiko cha unga: kukipata kiasi hicho cha mafuta huhitaji karafuu nyingi mara kadhaa.

### Sabuni

Mafuta ya karafuu hupendwa na watengeneza sabuni kwa kuwa harufu yake haipotei upesi. Lakini eugenoli, ikiwa fenoli, humenyuka na magadi makali yanayotumika kugeuza mafuta kuwa sabuni. Matokeo yake ni kwamba mchanganyiko huweza kuganda ghafla kabla haujamiminwa katika kalibu, na rangi yake hugeuka kuwa ya kahawia. Kwa sababu hiyo mafuta hayo hutiwa mwishoni, kwa kiasi kidogo, na mchanganyiko ukiwa haujapata joto kubwa.

### Vipodozi vya viwandani

Watengeneza manukato hutumia mafuta ya karafuu kutoa harufu ya viungo na ya baadhi ya maua. Eugenoli imo pia katika dawa za meno za kupigia mswaki, maji ya kusukutulia, losheni na marashi ya baada ya kunyoa. Mwishoni mwa karne ya 19 na sehemu ya karne ya 20 eugenoli ilikuwa mali ghafi ya kutengenezea vanilini, ile dutu yenye harufu ya vanila, kabla njia za bei nafuu zaidi hazijachukua nafasi yake.

Kwa kuwa eugenoli husababisha mzio kwa baadhi ya watu, Umoja wa Ulaya umeiweka katika orodha ya dutu za harufu ambazo lazima zitajwe kwenye lebo. Sharti hilo huanza pale kiasi chake kinapozidi asilimia 0.001 katika bidhaa zinazobaki mwilini, kama losheni, au asilimia 0.01 katika zile zinazooshwa, kama sabuni. Mzalishaji wa Unguja anayetaka kuuza Ulaya hana budi kulifuata.

Mafuta ya karafuu husifiwa pia kwamba hukuza nywele, huondoa chunusi au madoa. Uwezo wake wa kuua bakteria umeonekana katika maabara, lakini majaribio ya kutosha kwa binadamu kuhusu madai hayo hayapo.

## Matumizi katika afya

### Meno

Matumizi yenye msingi imara zaidi ni ya meno. Watu wengi wa Zanzibar huweka karafuu juu ya jino linalouma na kuitafuna taratibu. Eugenoli huzuia mishipa ya fahamu isipeleke ishara za maumivu, na ndiyo maana mdomo huhisi ganzi. Utafiti uliofanywa Kuwait na kuchapishwa mwaka 2006 ulilinganisha jeli ya karafuu na benzokaini, dawa ya ganzi ya kupaka, kabla ya kuchoma sindano katika ufizi. Zote mbili zilipunguza maumivu kuliko jeli isiyo na dawa, na haikuonekana tofauti kubwa kati yake.

Madaktari wa meno huchanganya eugenoli na unga wa oksidi ya zinki kupata saruji ya kuzibia jino kwa muda. Saruji hiyo hutuliza jino, lakini eugenoli huzuia vifaa vya kisasa vya kuzibia vyenye asili ya plastiki visigande vizuri. Hivyo daktari huchagua kulingana na kazi itakayofuata.

Karafuu hutuliza maumivu bila kuponya jino lililooza. Usaha uliojikusanya chini ya jino unaweza kuenea usoni na shingoni hata kama maumivu yamepungua. Uvimbe wa shavu, homa au kushindwa kufungua mdomo ni dalili za kwenda hospitali bila kuchelewa.

### Vijidudu na wadudu

Katika maabara, eugenoli huharibu utando wa nje wa bakteria na kuvu wengi. Matokeo ya maabara hayatoshi kuthibitisha kwamba mtu aliyekunywa mafuta hayo atapona maambukizi, kwa sababu kiasi kinachoua vijidudu katika kisahani kinaweza kudhuru ini likiwa tumboni.

Harufu ya karafuu hufukuza mbu kwa muda mfupi. Haichukui nafasi ya chandarua chenye dawa katika kujikinga na malaria.

### Matumizi mengine

Mafuta ya karafuu hutumiwa na watafiti wa samaki na wafugaji wa samaki kuwalaza samaki wakati wa kuwapima au kuwasafirisha. Katika chakula, karafuu hutiwa katika pilau na chai ya viungo, na kwa kiasi hicho cha kawaida haina tatizo kwa watu wengi. Madai kwamba mafuta ya karafuu hutibu saratani au kisukari yanategemea zaidi majaribio ya maabara na ya wanyama, na hayatoshi kumfanya mgonjwa aache dawa zake.

## Usalama

Kamati ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) inayoshughulikia viongezwa vya vyakula imeweka kiwango cha juu cha eugenoli kuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 12 hiyo ni miligramu 30. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, cha mafuta yaliyokenekwa kina zaidi ya gramu 4 za eugenoli, ambazo ni zaidi ya mara 100 ya kiwango hicho.

Hatari hiyo imethibitika. Majarida ya tiba yameeleza visa vya watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu, wakapoteza fahamu, kupata degedege na kuharibika ini ndani ya muda mfupi. Katika baadhi ya visa madaktari walitumia asetilisisteini, dawa inayotumika pia kwa waliozidisha parasetamoli.

Kwa sababu hiyo hushauriwa mambo yafuatayo:

* Chupa ihifadhiwe mahali ambapo mtoto hafikii, na isiwe chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi au ya kinywaji.
* Mafuta yaliyokenekwa yasinywewe, na yasipakwe kwenye ufizi wa mtoto anayeota meno.
* Mtoto akiyanywa, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.
* Kwa ngozi, mafuta yachanganywe kwanza na mafuta mengine kama ya nazi. Miongozo mingi ya mafuta ya manukato hupendekeza yasizidi asilimia 0.5, yaani karibu matone 10 katika mililita 100.
* Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari, kwa kuwa eugenoli hupunguza uwezo wa damu kuganda.
* Wajawazito na wenye ugonjwa wa ini wasiyatumie kama dawa bila ushauri wa daktari.
* Yakiingia machoni, macho yasafishwe kwa maji mengi na mtu aende kituo cha afya.

## Kutambua aina na ubora

Shirika la kimataifa la viwango (ISO) lina viwango vitatu tofauti: ISO 3141 kwa mafuta ya majani, ISO 3142 kwa ya matumba na ISO 3143 kwa ya makonyo. Tofauti hiyo ina maana sokoni, kwa kuwa mafuta ya majani au ya makonyo huweza kuuzwa kwa bei ya mafuta ya matumba. Kuzitofautisha kwa uhakika huhitaji kipimo cha maabara, kwa mfano kromatografia ya gesi.

Kwa mnunuzi wa kawaida, kipimo rahisi ni glasi ya maji. Tone la mafuta yaliyokenekwa huelekea kuzama, na tone la mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu huelea. Kipimo hiki hakionyeshi usafi wa mafuta, lakini husaidia kujua ni kipi kati ya vitu hivyo viwili kilichomo ndani ya kichupa kisicho na lebo.

Mafuta halisi huhifadhiwa katika chupa ya kioo yenye rangi nzito, mbali na jua na joto. Eugenoli hulainisha au kuyeyusha aina fulani za plastiki, na mafuta yaliyoachwa wazi hugeuka kuwa meusi.

## Faida na changamoto kwa wakulima

Mkulima wa karafuu hupata sehemu kubwa ya kipato chake katika miezi michache ya mavuno, na mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Bei ndogo ya ndani ilipolinganishwa na ya nje ilichochea kwa miaka mingi magendo ya karafuu kwenda Kenya. Tangu mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha bei ya mkulima kwa lengo la kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la nje.

Thamani huongezeka kila hatua ya usindikaji, kutoka makonyo hadi mafuta, na kutoka mafuta hadi sabuni au manukato. Sehemu kubwa ya mafuta huuzwa nje yakiwa mali ghafi, na hatua ya mwisho, ambayo ndiyo yenye faida kubwa, hufanyika mbali. Wazalishaji wadogo wa Unguja hujaribu kuibakiza hatua hiyo visiwani. Vikwazo vyao ni gharama za vifungashio na vipimo, na haja ya kutimiza masharti ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Lebo inayotaja aina ya mafuta, kiasi chake na onyo kuhusu watoto humlinda mnunuzi, na pia humtofautisha mzalishaji mwaminifu na anayeuza mafuta ya nazi kwa jina la karafuu.

Changamoto nyingine ni mikarafuu yenyewe. Mingi imezeeka, na miche mipya huchukua miaka kabla ya kuzaa. Kukata matawi mengi kwa ajili ya majani hupunguza mavuno ya matumba ya msimu unaofuata. Kwa hiyo kutumia makonyo, majani yaliyoanguka na matawi yanayopogolewa huongeza mafuta bila kuudhoofisha mti.

## Tazama pia

* Mkarafuu
* Karafuu
* Mji Mkongwe
* Unguja
* Pemba
* Mchaichai
* Mwani